Tanuru Lililochomwa Masika

Vijana wa ofisi ya upelelezi, siku mliyoniaga kwa keki na saa ya ukutani mliniomba niwaachie maneno mawili ya hekima. Nilisimama, nikashukuru, nikakohoa, nikakaa. Wengine mlidhani nimezidiwa na machozi. Hapana. Nilikuwa nimepanga kuwasimulia habari ya tanuru la Osmund, na nilipofungua mdomo nikagundua kwamba mimi mwenyewe siielewi. Sasa niko nyumbani Ruhuwiko, hapa hapa Songea, kalamu ninayo, na saa yenu inanigongea ukutani kama bosi mpya. Acha nijaribu kuandika. Mkifika mahali mkachanganyikiwa, mjue mwandishi naye alikwama hapo hapo.

Habari za vyeo mtazikuta kwenye faili langu, kama panya hawajalimaliza. Mimi naanzia siku ya kwanza, ambayo nilipewa kazi ya kuchukua alama za vidole. Nilimpaka mtuhumiwa wino hadi kiwikoni, nikajipaka na mimi, na shati jeupe alilonishonea mama likawa na madoa ambayo hayakutoka tena. Aliyenicheka alikuwa Afande Zuhura, sajenti kutoka Tanga, mwanamke mfupi, mpole wa sauti, asiyesahau kitu. Ndiye aliyekabidhiwa kunifundisha kazi.

"Kastori mwanangu, huo ni mkono wa mtu, si nguo unayokamua," aliniambia. "Shika kidole kimoja, kiviringishe taratibu. Hakikimbii."

Zuhura alikuwa na desturi moja ambayo sikuiona kwa mpelelezi mwingine yeyote. Kila alipofungua jalada jipya, kitu cha kwanza aliweka karatasi nyuma kabisa, na juu yake akaandika neno moja: SIJUI. Chini ya neno hilo aliorodhesha yote asiyoyajua kuhusu kesi ile. Karatasi hiyo haikwenda mahakamani. Kadiri upelelezi ulivyosonga alikata mstari mmoja mmoja, na kama mistari mizito ilikuwa haijakatwa, hakukubali mtu apelekwe mahakamani, hata wakubwa wapige meza.

Mwanzoni niliona ni ushamba tu wa mtu wa pwani. Halafu ikaja kesi ya cherehani. Fundi mmoja wa Lizaboni alidai msaidizi wake kamwibia cherehani la miguu, na mtaa mzima ulikuwa tayari kumtwanga yule msaidizi. Zuhura aliandika: sijui cherehani lilipitaje mlangoni. Tukaenda kupima mlango. Halikuwa linapita bila kufunguliwa meza yake, na bisibisi ilikuwa kwenye droo, na ufunguo wa droo alikuwa nao fundi peke yake. Mchana ule ule tukalikuta cherehani kwa mwanamke wa pili wa fundi mwenyewe. Tangu siku hiyo nami nikawa naweka karatasi ya SIJUI kwenye kila jalada langu. Niliiweka miaka mingi, kwenye kesi za baiskeli, za mahindi, za watu waliokatana mapanga kilabuni.

Isipokuwa kwenye kesi moja.

Ilianza mwezi wa pili, mvua ikiwa imekolea. Mama mmoja mtu mzima alikuja kituoni kutoka Madaba, amelowa mpaka kitambaa cha kichwani. Binti yake, Redempta, alikuwa ameolewa kijiji kimoja upande wa Mpitimbi na mkulima aitwaye Osmund. Kila Jumapili baada ya misa binti huyo alikuwa anampigia mama yake simu. Sasa zilikuwa zimepita Jumapili tatu kimya.

"Mwanangu hawezi kukaa hivyo," mama alisema. "Huyo mwanaume namuuliza, ananiambia ameondoka. Ameondoka kwenda wapi, bila simu? Simu ameiacha kitandani!"

Nilimshika mkono nikamwahidi kwamba nitamjua aliyemfanyia hivyo. Mnasikia maneno yangu? Sikusema nitamtafuta binti yake. Nilisema nitamjua aliyemfanyia. Nimelirudia jambo hilo kichwani mara nyingi, na sijui kama dhana yangu ilizaliwa pale au nilikwenda nayo kazini asubuhi.

Nikaenda Mpitimbi na askari wawili. Kabla hatujafika kwa Osmund, kwa mbali niliona moshi. Sio moshi wa jikoni. Ulikuwa mzito, mweupe, unapanda kwa shida katikati ya manyunyu. Nikamwambia askari aliyeendesha gari aongeze mwendo, kwa sababu moshi ule niliufahamu kuliko askari yeyote wa mkoa huu.

Marehemu baba yangu alikuwa mchoma matofali. Nimekulia kwenye tanuru. Najua unavyopanga matofali mabichi ukiacha midomo ya kuingizia magogo, unavyokandika nje kwa udongo, unavyochochea mchana na usiku, na moto ukishakolea unavyoifunga ile midomo kwa tope ili joto libaki ndani limalizie kazi. Usipoifunga, au ukiifungua mapema, unapata kitu ambacho si tofali wala udongo. Na najua kile ambacho kila mtoto wa Songea anakijua: matofali huchomwa kiangazi. Masika hakuna mwenye akili timamu anayechoma. Kuni zimelowa, udongo umelowa, mvua inakuvizia. Na huyu mtu, mkewe hajulikani alipo, alikuwa anachoma tanuru kubwa mwezi wa pili, tena amelijengea paa la nyasi juu ya nguzo ili mvua isiliguse.

Hapo hapo, nikiwa bado sijashuka kwenye gari, nikawa nimeshajua kila kitu. Redempta alikuwa ndani ya moto ule.

Osmund alikuwa mwanaume mwembamba wa miaka kama thelathini na tano, macho mekundu kwa moshi. Akaniamkia. Nikamuuliza mkewe yuko wapi.

"Ameondoka, afande. Tuligombana. Nyumba yetu inavuja, aliniambia amechoka kulala na beseni kitandani. Akasema siku ukichoma matofali ndiyo nitarudi."

"Kwa nini usisubiri kiangazi?"

Akanitazama kama vile nimeuliza swali la mtoto. "Kiangazi kiko mbali, afande."

Hilo ndilo lilikuwa jibu. Lote. Niliandika kwenye daftari: anatunga hadithi.

Tulipomfunga pingu hakupigana. Aliomba jambo moja tu. "Naomba nifunge tanuru kwanza. Limebakiza siku moja. Nikishalifunga mnipeleke popote." Ombi hilo nililiweka kwenye maelezo yake na kulipigia mstari mwekundu, kama ushahidi kwamba mtuhumiwa alitaka kuziba mahali pa tukio. Mimi, mtoto wa mchoma matofali.

Magogo tukayavuta nje yakiwa yanawaka. Tukasubiri siku mbili tanuru lipoe, kisha tukalibomoa tofali kwa tofali, kijiji kizima kikitazama chini ya miavuli na mifuko ya mbolea. Paa la nyasi tulikuwa tumeling'oa ili tupate nafasi. Tulipochambua majivu tukapata kipande cha mfupa, kirefu kama kidole cha kati. Askari mmoja alivua kofia. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mvua ilinyesha juu ya matofali yale siku nne. Yalikuwa hayajaiva. Nilipopita tena kuchora ramani ya tukio, yalikuwa yanarudi kuwa udongo.

Maabara walichukua muda, wakajibu kwamba mfupa ni wa nguruwe. Sasa sikilizeni vizuri vijana wangu, maana hapa ndipo ninapotaka mnifungue kichwa mwangalie kilichomo. Mtu mwenye akili akiambiwa mfupa ni wa nguruwe anasema, basi nilikosea. Mimi nilisema: huyu mtu ni hatari kuliko nilivyofikiri, amechoma nguruwe makusudi ili atuvuruge. Nililiandika hilo kwenye taarifa na kulitia sahihi. Kijiji kile kina nguruwe wengi kuliko watu.

Afande Zuhura, ambaye wakati huo alikuwa anasubiri kurudi kwao Tanga kwa kustaafu, aliniomba jalada. Alilifungua kuanzia nyuma, kama ilivyokuwa kawaida yake. Akageuza karatasi moja, mbili, akarudi mwisho.

"Mbona sioni ya SIJUI?"

"Hii kesi haina, afande. Hii iko wazi."

"Subhanallah," akasema. Akavua miwani. "Mimi kwetu tunajengea tofali za simenti, habari za moto na masika sizijui. Nisaidie. Huyu bibi wa Madaba, binti yake akigombana na mumewe huwa anakimbilia wapi?"

"Kwa mama yake."

"Na mara hii hakwenda. Kwa nini? Umemuuliza mama?"

Nilimjibu kwamba mara hii hakwenda kwa sababu amekufa. Zuhura aliweka jalada mezani, kidole kwenye mstari nilioandika kwamba moshi niliuona nikiwa garini. "Haya mwanangu. Wewe upelelezi wako uliisha ndani ya gari."

Nilimkasirikia. Niliona anazeeka. Wiki iliyofuata aliondoka, na sikumsindikiza stendi.

Osmund alishtakiwa kwa mauaji, kesi isiyo na dhamana. Kila baada ya wiki mbili alikuwa analetwa kutoka mahabusu, anasimama, anasikia kwamba upelelezi haujakamilika, anarudishwa. Kila aliponiona aliniamkia. Nikawa najiuliza, mtu asiye na hatia anamwamkiaje aliyemfunga? Anajipendekeza. Siku moja hakuniamkia. Nikasema, ahaa, dhamiri imeanza kumsuta. Siku alipolia nilisema anaigiza, na siku aliyokaa kimya nilisema ana moyo wa jiwe. Chochote alichofanya, mimi nilikuwa na mahali pa kukiweka. Niliona raha kweli. Kwa miaka yote ya kazi sikuwahi kuwa na kesi ambayo kila kitu kinaingia mahali pake.

Nyumbani nilibandika kalenda ya zamani ukutani, imegeuzwa nyuma, nikachora tanuru, njia, kisima, nyumba za majirani, na mishale. Nikila naitazama. Mke wangu, Mama Tasiana, alivumilia. Siku moja alipakua ugali na maharage, akaweka sahani ya tatu mezani.

"Ya nani hiyo?" nikamuuliza.

"Ya Osmund. Si anaishi hapa?"

Sikucheka. Nilikwenda kukagua maelezo niliyochukua kwa majirani kwa mara ya kumi.

Ulipita mwaka, na miezi kadhaa juu yake. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Songea inauma hadi kwenye meno, askari wa kaunta alikwenda kunywa chai, nikakaa mahali pake. Foleni ilikuwa fupi. Mbele yangu akaja mwanamke mwenye sweta la kahawia na begi dogo. Alikuwa amepotelewa kitambulisho ndani ya basi akitoka Tunduru, na alitaka losi ripoti, ile karatasi ya polisi ya kitu kilichopotea. Nikavuta fomu.

"Jina kamili?"

Akalitaja.

Nilikuwa nimeandika herufi tatu za kwanza kabla mkono haujasimama. Nikainua macho. Picha ya Redempta nilikuwa nimeitazama zaidi ya nilivyowahi kuitazama picha ya mtu yeyote, lakini uso ule ulipokuwa mbele yangu, unapumua, una mafua, sikuutambua. Niliutazama nikasema moyoni: huyu si yeye.

Mnaweza kucheka, ruksa. Nilikuwa na mwanamke hai mbele yangu, na wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba Osmund amemtuma mtu kutoka mahabusu ajifanye marehemu. Nikamwingiza ofisini, nikatoa kidau cha wino, nikamchukua alama za vidole vyote kumi.

"Afande, wino huu wa nini? Nimekosa nini? Mimi nimepoteza kitambulisho tu."

"Wewe umekufa," nikamwambia. Sijui kwa nini nilisema vile.

Akatazama vidole vyake vyeusi, akanitazama mimi. "Nimekufaje, na foleni nimepanga?"

Nilitoka nje nikampigia simu Afande Zuhura. Hatukuwa tumezungumza tangu aondoke.

"Shikamoo afande. Marehemu amekuja kituoni."

"Marahaba. Marehemu yupi?"

"Wangu. Wa tanuru."

"Alhamdulillahi. Basi mtoe mwenzio huko ndani."

"Nataka kwanza nihakikishe."

"Uhakikishe nini, Kastori? Kwamba yuko hai?"

Nikarudi ofisini. Nikauliza, kwa mara ya kwanza, swali ambalo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza wa karatasi ya SIJUI. Kwa nini hukwenda kwa mama yako?

"Mama angenirudisha," Redempta alisema. "Kila nikikimbilia kwake ananirudisha kwa mume wangu siku ya pili. Ndiyo maana hata simu niliiacha. Nilikwenda Tunduru kubangua korosho, nikapata na kazi ya kupika. Nikasema nikae mpaka kiangazi kipite, mpaka cha pili, ndiyo nije nione kama amechoma matofali. Leo naelekea huko."

Ilibidi nimwambie. Nilimwambia vibaya, nikianza mwisho nikirudi mwanzo: mahakama, mfupa, tanuru. Kwenye tanuru alinikatiza.

"Alichoma lini?"

"Wiki ya tatu tangu uondoke."

"Masika?" Aliinuka kwenye kiti. "Alichoma masika?"

Halafu akakaa, si kwenye kiti, chini kwenye saruji, akafunika uso na ile mikono yenye wino. "Yule mwanaume mjinga," akasema, na kuendelea kulia kwa Kingoni, maneno ambayo nayaelewa vizuri lakini si ya kuandika hapa.

Mama yake alifika jioni kutoka Madaba. Alimpiga binti kofi, kisha akamkumbatia mpaka tukaogopa atamvunja. Mimi hakunitazama. Usiku huo niliibandua kalenda ukutani, na Mama Tasiana akapakua sahani mbili.

Siku ya kesi wakili wa serikali alisimama akasema Jamhuri haina nia ya kuendelea. Maneno machache kuliko ya kuagiza chai. Nilikwenda mwenyewe kwenye geti la mahabusu kumsubiri. Mpaka leo sijui nilifuata nini. Kuomba radhi? Nilikuwa nimeandaa maneno. Redempta alisimama upande wa pili wa barabara na mama yake, wameshikana kama watu wanaovuka mto.

Osmund akatoka na mfuko wa plastiki. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi pembeni. Alimwona mkewe. Alimtazama kwa muda mrefu, akaitikia kidogo kwa kichwa, kama mtu anayekubaliana na jambo aliloambiwa zamani. Halafu, kabla ya kuvuka barabara, akanijia mimi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba." Ilibidi niitikie, ningefanya nini?

Nikangoja anitukane. Ningeshukuru.

"Naomba kuuliza," alisema kwa adabu ile ile ya siku ya kwanza. "Tangu siku ile nalala nawaza. Nani alifunga tanuru?"

Alikuwa hajui. Siku tulipolibomoa yeye alikuwa tayari mahabusu, na kwa muda wote ule hakuna aliyemwambia. Kichwani mwake, kule Mpitimbi, matofali yalikuwa bado yamepangwa, mekundu, yanamsubiri. Alikuwa na hofu kwamba huenda jirani alikosea kukandika mdomo mmoja.

Kwa kesi nzima ile nilikuwa sijawahi kutamka neno alilonifundisha Zuhura. Nililitamka siku hiyo, getini, mkewe akimsubiri ng'ambo, na ndiyo siku pekee ambayo jibu nilikuwa nalo.

"Sijui," nikamwambia.

Akashukuru, akavuka barabara.